Virusi vya Kale Havijui Ukoo

Katika nchi zetu za Maziwa Makuu posa haipiti hivihivi. Kabla wazee hawajakaa kuzungumzia mahari, kuna shangazi au mjomba aliyekwisha kutumwa kupeleleza: kwao kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna wazimu? Swali hilo linaulizwa kwenye vilima vya Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi (mgawanyo mpya wa mwaka 2025 umeiingiza katika mkoa wa Buhumuza, ila mimi nitaendelea kusema Muyinga). Linaulizwa pia katika kambi ya Gasorwe, ambako Burundi imekuwa ikiwahifadhi wakimbizi wa Kongo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi wao watu wa Kivu Kusini waliokuja na Kiswahili chao. Jibu likiwa kwamba baba mdogo wa binti aliwahi kufungwa kamba kwa miezi, posa huyeyuka. Hakuna anayetukana, watu huacha tu kurudi.

Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo litakaloamua habari moja ya kisayansi itapokewaje huku kwetu. Mei 2024 jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti wa timu ya King's College London, wakiwemo Rodrigo Duarte na Timothy Powell, uliohusisha mabaki ya virusi vya kale yaliyomo ndani ya vinasaba vya binadamu na hatari ya kupata skizofrenia, sonona na baipola. Ukifupishwa mdomo kwa mdomo unabaki hivi: virusi vya kale vinaleta wazimu. Maneno hayo yakishuka hadi Gasorwe yanaweza kueleweka kwa njia mbili, na zote mbili zinaumiza watu. Ya kwanza: kumbe ugonjwa huu unaambukiza, tumtenge. Ya pili: kumbe wazee walisema kweli, kuna koo zenye damu mbaya. Msimamo wangu ni kwamba utafiti huo, ukisomwa vizuri, unazikataa zote mbili, na hasa hiyo ya pili.

Tuanze na kirusi tunachokijua. VVU ni retrovirusi. Kikiingia ndani ya seli hunakili RNA yake ikawa DNA, kisha hujichomeka katikati ya vinasaba vya seli yenyewe. Ndiyo maana dawa za ARV humwezesha mtu kuishi miaka mingi na afya yake, lakini hazikiondoi kirusi. VVU hujichomeka kwenye seli za kinga, na seli hizo huzikwa na mwenyewe. Mtoto anayezaliwa na VVU ameambukizwa, hakurithi.

Zamani sana, mamilioni ya miaka kabla hajatokea mtu wa kuitwa mtu, virusi vingine vya jamii hiyo vilijichomeka mahali tofauti: ndani ya mayai na mbegu za uzazi za wanyama ambao sisi ni vizazi vyao. Kiumbe aliyezaliwa na yai la namna hiyo alikuwa na kirusi hicho katika kila seli ya mwili wake, akawapa wanawe, nao wakawapa wao. Jambo hilo lilijirudia mara nyingi, na leo takriban 8% ya vinasaba vya kila binadamu ni mabaki hayo. Ile sehemu inayotengeneza protini zote za mwili haifiki hata 2%. Mengi ya mabaki yamekatikakatika na kuchakaa kiasi kwamba hayawezi tena kutengeneza kirusi kizima. Anayedhani haya ni ngano atazame Australia, ambako yanatokea wakati huu kwa koala: retrovirusi yao inaambukiza kutoka mnyama hadi mnyama, na papo hapo imekwisha kuingia katika vinasaba vya kurithi, hasa kwa koala wa kaskazini.

Si kila kilichobaki ni takataka. Katika kromosomu ya 7 kuna kipande cha kundi liitwalo HERV-W. Hapo kale kilikuwa jeni ya ganda la kirusi, ile iliyokisaidia kirusi kuungana na seli ili kipenye. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba jeni hiyo sasa inafanya kazi kwenye kondo la nyuma: inatengeneza protini iitwayo sinsitini, inayounganisha seli zikawa utando mmoja, na kupitia utando huo mtoto aliye tumboni hupata chakula na hewa kutoka kwa mama. Mtoto aliyezaliwa Gasorwe, awe wa Mfulero, Mbembe, Munyamulenge au Mrundi, alitunzwa miezi tisa kwa msaada wa jeni ya kirusi. Anayetaka kuzungumzia damu safi na damu chafu aanze na hapo.

Baipola nayo ielezwe, maana wengi wameiona bila kuijua jina. Tuseme ni kijana wa miaka 22. Kwa wiki mbili analala saa mbili tu usiku, na asubuhi hana dalili ya uchovu. Anaongea hadi sauti inakauka. Amegawa unga wa mgao kwa majirani, ameuza sufuria ya mama yake anunue redio, ameanzisha kanisa, na sasa anatangaza kwamba yeye ndiye atakayewarudisha watu wote Uvira, Kongo. Anayemzuia anapigwa. Miezi mitatu baadaye kijana huyohuyo amejifunika blanketi mchana kutwa, hali, haogi, anasema afadhali kufa. Katikati ya vipindi hivyo anakuwa mzima kabisa, mcheshi, mchapakazi, na ndiyo sababu ni rahisi kuamini kwamba alirogwa kisha akaaguliwa. Mganga au mchungaji aliyemshika wakati kipindi kinaisha chenyewe ndiye anayepewa sifa, na mara nyingi mbuzi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 walikuwa na ugonjwa huu. Kati ya magonjwa ya akili, ni miongoni mwa yanayorithika zaidi. Kwa mapacha wa kufanana, wenye vinasaba vilevile, mmoja akiugua mwenzake naye huugua katika takriban 40 hadi 70% ya visa. Wapenda upelelezi wa ukoo huishika namba hiyo upande mmoja tu. Upande wa pili unasema kwamba katika sehemu kubwa ya mapacha hao, vinasaba ni vilevile, mmoja anaugua, mwingine haugui maisha yake yote. Na kwa ndugu wa kawaida au mtoto wa mgonjwa, hatari huongezeka kuliko ya mtu mwingine, lakini walio wengi miongoni mwao hawapati baipola kamwe.

Wazo la kuunganisha virusi vya kale na akili si la jana, na historia yake imejaa matokeo yanayogongana. Mwaka 2001 Håkan Karlsson na wenzake walieleza kwamba walikuta RNA ya retrovirusi katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa 10 kati ya 35 walioanza kuugua skizofrenia karibuni, na hawakuikuta kwa wazima waliowalinganisha nao. Mwaka 2012 kundi la Mfaransa Hervé Perron likaripoti dalili za HERV-W kuzidi katika damu ya wagonjwa wa skizofrenia na baipola. Katikati ya miaka hiyo, 2007, timu nyingine ilipima ubongo wa marehemu ikakuta protini moja ya HERV-W imepungua katika skizofrenia, baipola na sonona. Damu inasema imepanda, ubongo unasema imeshuka.

Kisha kuna jambo ambalo kwangu ndilo linalofundisha zaidi, ingawa halitajwi sana. Mwaka huohuo wa 2012 watafiti wa Ujerumani walikuza seli za ubongo maabara, wakazimwagia dawa zinazotumika katika magonjwa ya akili, wakapima virusi vya kale vinasomwa kiasi gani. Valproeti ilivipandisha. Valproeti ni dawa ya kifafa ambayo pia hutumika sana kutuliza baipola. Fikiri maana yake. Mgonjwa anayepimwa baada ya miaka kumi ya vidonge anaweza kuonekana ana virusi vingi kwa sababu ya vidonge vyenyewe. Zaidi ya hapo, kama wingi wa virusi hivyo ndio ungekuwa wazimu, dawa hii ingewachanganya watu badala ya kuwatuliza. Seli za maabara si ubongo wa mtu, nakubali. Lakini tangu nisome matokeo hayo sina subira na mtu yeyote anayesema virusi vikizidi akili inaharibika, kana kwamba ni maji ya mto kufurika.

Timu ya London ilikwepa mtego huo. Haikumweka mgonjwa kando ya mzima na kuwapima. Ilichukua data za ubongo wa marehemu karibu 800, ikajifunza ni herufi zipi za vinasaba, zile mtu anazozaliwa nazo, zinazofanya kipande fulani cha kirusi kisomwe zaidi au kisomwe kidogo katika gamba la mbele la ubongo. Herufi hizo hazibadilishwi na vidonge, wala na njaa, wala na vita. Baada ya hapo ikaenda kwenye tafiti kubwa za maelfu kwa maelfu ya wagonjwa na wasio wagonjwa, ikauliza herufi hizohizo zinapatikana zaidi kwa nani. Vipande vilivyosimama imara vilikuwa vichache mno: viwili vilihusiana na skizofrenia, kimoja na sonona, na kimoja na skizofrenia pamoja na baipola.

Kipande kinachohusu baipola ni kimoja tu, na ninyi mnacho. Hili ndilo lisilosemwa kwa sauti ya kutosha. Kipande hicho si mali ya koo zenye wagonjwa. Kinachotofautiana kati ya mtu na mtu ni kiasi kinavyosomwa, na tofauti hiyo inatokana na herufi za kawaida zinazobebwa na watu wengi wasiowahi kuugua. Shangazi aliyetumwa kupeleleza anazo baadhi. Bwana harusi anazo. Mtu aliyesaini hati ya ndoa anazo.

Uzito wake nao ni mdogo. Januari 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti mkubwa kuliko zote zilizokuwa zimewahi kufanywa kuhusu vinasaba vya baipola: watu 158,036 wenye ugonjwa huo wakilinganishwa na milioni 2.8 wasio nao. Zilipatikana sehemu 298 za vinasaba zinazohusika, kila moja ikiongeza hatari kwa kiasi kidogo sana. Kirusi cha kale ni sauti moja katika umati huo. Hakuna kipimo cha damu, Bujumbura wala London, kinachoweza kumwambia mzazi kwamba huyu ataugua na huyu hataugua, na atakayekuja kukiuza sokoni afukuzwe.

Hapa nina lawama kwa wanasayansi. Katika tafiti hizi, data za wagonjwa zimetoka kwa sehemu kubwa sana kwa watu wa asili ya Ulaya. Ule wa 2025 uliongeza watu wa Asia Mashariki, Walatino na Weusi wa Marekani, ikawa hatua. Lakini Mmarekani Mweusi si mtu wa Fizi, Kivu Kusini, na anayedhani tofauti hiyo ni ya heshima tu haelewi hesabu yake. Vinasaba hurithiwa kwa mafungu. Herufi zinazokaa karibu husafiri pamoja. Kwa hiyo utafiti unapoonyesha kwamba mahali fulani pana hatari, ni kama kusikia kelele usiku katika safu ya nyumba za kambi zilizobanana: unajua ni safu ipi, hujui ni mlango upi. Kelele inaweza kuwa ya kipande cha kirusi, au ya jeni ya kawaida iliyo jirani yake. Sasa, kwa kuwa binadamu wameishi Afrika muda mrefu kuliko kwingine kokote, mafungu ya Waafrika yamekatwa na kuchanganywa mara nyingi zaidi, yamekuwa mafupi, na milango inatenganishwa kwa urahisi. Anayetaka kujua kama kweli ni kirusi kinachopiga kelele, jibu lake la haraka liko kwetu.

Tena kuna virusi vya kale ambavyo si kila mtu anavyo. Kundi la HERV-K ndilo changa kuliko yote kwa binadamu, na mwaka 2001 vilitangazwa vipande viwili, K113 na K115, ambavyo baadhi ya watu wanavyo na wengine hawana. Vilipohesabiwa baadaye vikakutwa kwa Waafrika wengi zaidi kuliko kwa Waingereza. Tafiti zinazotegemea watu wa Ulaya zinaweza kuvipita bila kuviona.

Mwanzo mzuri umefanyika jirani. Mradi wa NeuroGAP-Psychosis, wa skizofrenia na baipola, ulikusanya zaidi ya watu 40,000 kutoka Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, ukizihusisha taasisi kama Makerere, Chuo Kikuu cha Moi na kituo cha KEMRI cha Kilifi. Burundi haimo. Kongo haimo. Uganda ndiyo iliyo karibu nasi, na ramani inaishia hapo.

Je, waje Gasorwe na sirinji? Taratibu. Katika Ruanda-Urundi ya Wabelgiji watu walipimwa pua na vichwa ili wapangwe kwa makundi, na tunajua upangaji huo ulizaa nini. Miongoni mwa wakimbizi wa Gasorwe wapo ambao huko kwao uraia wao umekuwa ukibishaniwa kwa miongo mingi, kwa hoja za asili na damu. Mtu kama huyo akiulizwa vinasaba vyake ana haki ya kuuliza vitahifadhiwa wapi, vitasomwa na nani, na serikali gani itaviona. Mkimbizi anayetegemea mgao pia hayuko huru kukataa ombi la mtu aliyefika na gari la shirika. Ningependa damu ya watu wetu ihesabiwe, lakini ihesabiwe na chuo cha hapa, kwa idhini inayoelezwa kwa Kiswahili na Kirundi, na kwa sharti kwamba mahali panapotolewa damu pawepo kwanza dawa.

Kuna swali ambalo mtu mwerevu kambini atauliza, na si la kuchekwa: kama ni retrovirusi, mbona tusitumie ARV? Kwa sababu ARV huzuia kirusi kunakili na kujichomeka upya. Hivi vya kale vilikwisha kujichomeka kabla ya mababu wa mababu, na kidonge hakiwezi kuving'oa. Zaidi ya hapo, efavirenzi, iliyotumika miaka mingi kwa wenye VVU, ilijulikana kwa kuleta ndoto za kutisha na kuvuruga akili za baadhi yao, na hiyo ni mojawapo ya sababu za mataifa kuhamia dolutegraviri. Mwenye baipola asimeze ARV za ndugu yake.

Dawa zake zipo na ni za zamani. Mwaka 1949 daktari wa Australia, John Cade, alieleza jinsi chumvi ya lithiamu ilivyowatuliza wagonjwa waliokuwa katika kipindi cha msisimko mkali. Lithiamu ni elementi inayochimbwa ardhini, hakuna kampuni yenye hataza yake, na hadi leo ni miongoni mwa dawa chache zinazopunguza vifo vya kujiua. Ugumu wake ni kwamba kipimo kinachotibu na kipimo kinachodhuru vinakaribiana: katika damu inatakiwa iwe kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, na mtu akiharisha au akikosa maji inapanda hadi kuwa sumu. Katika kambi, ambako kuharisha si habari, lithiamu bila maabara ni hatari. Valproeti haitaki upimaji wa namna hiyo, lakini isitolewe kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, kwa kuwa humlemaza mtoto tumboni. Karbamazepini hubaki kimbilio, ila hupunguza nguvu ya dolutegraviri na ya vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo muuguzi lazima aulize mgonjwa anameza nini kingine. Hayo yote yanahitaji mtu mmoja aliyefundishwa, daftari, na ghala lisilokauka. Mgonjwa akizidiwa, hospitali ya magonjwa ya akili inayojulikana zaidi nchini ni ile ya Kamenge, Bujumbura, inayoendeshwa na Ndugu wa Upendo, yaani upande wa pili wa nchi, iwe amepita njia ya Gitega au ya Kayanza. Familia isiyo na nauli humfunga kamba, na kamba hiyo ndiyo shangazi wa watu anayoisikia miaka kumi baadaye.

Kwa hiyo ombi langu kwa wizara ya afya na kwa UNHCR ni dogo kuliko utafiti wowote: dawa ya baipola isikatike Gasorwe hata mwezi mmoja, awepo muuguzi anayeweza kuutofautisha ugonjwa huu na malaria ya kichwa au mapepo, na maabara ya Muyinga iwezeshwe kupima lithiamu. Na kwa mwenye mgonjwa nyumbani: amepata nafuu, analala vizuri, anafanya kazi, usimwachishe dawa. Hapo ndipo wengi hurudi kuugua.